Siku Ishirini na Moja Ambazo Sikuuona Mto

Lurambi, Alhamisi, 18 Aprili 1996

Mawingu tangu alfajiri na hakuna hata tone. Upepo unatoka upande wa Kabras na kutuletea majivu meusi ya miwa iliyochomwa. Yametua juu ya shuka nilizoanika na sina nguvu ya kuzifua tena. Mwezi kama huu, miaka mingine, tungekuwa tunalalamikia matope. Leo nimefungua chombo cha kupimia mvua nyuma ya jiko nikakuta mbu mmoja mkavu. Nimeandika sifuri.

Moyo mzito. Ninaandika mchana huu, kati ya kusoma mto asubuhi na kuusoma jioni, kwa sababu nikingoja nitayameza tena, na nimeyameza miaka mitatu.

Leo nimedanganya mara ya pili.

Labda binti yangu Rose atalisoma daftari hili siku moja, kwa hiyo nieleze tangu mwanzo. Yeye wakati ule alikuwa shule ya bweni na mambo mengi hakuyaona.

Baba yake, Zakaria, alikuwa msoma mto. Sijui kwenye vitabu kazi hiyo inaitwaje. Ofisi ya maji ilisimamisha bati refu jeupe ndani ya mto Isiukhu, lenye mistari na namba nyeusi, chini kidogo ya kivuko cha magogo. Watoto huliita rula. Saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni Zakaria alishuka, akatazama maji yamefika namba gani, akarudi nyumbani kuandika kwenye kitabu. Mwisho wa mwezi alipeleka nakala ofisini. Alifanya hivyo miaka kumi na sita.

Hakuamini karatasi karibu na maji. Iliwahi kumponyoka mara moja tu, ikaenda na mto, na tangu siku hiyo namba aliileta mdomoni. Alipanda njia akiirudia polepole, "tisini na mbili, tisini na mbili," na ukimsalimia aliinua mkono tu akapita. Wageni walidhani ana kiburi. Majirani walizoea. Alikuwa akirudi baadaye, akishaandika, kuwajibu salamu zao mmoja mmoja. Nilikuwa nikicheka. Mtu anatoka nyumbani kwake kwenda kusema "mzima sana" kwa salamu ya nusu saa iliyopita.

Na koti. Pale juu ya kingo kuna mkuyu, na Zakaria alipigilia msumari kwenye shina lake. Kabla ya kushuka alitundika koti lake la kahawia kwenye msumari huo ili mikono yake isilowe. Kila siku, hata kiangazi, hata wakati maji yalikuwa mbali na mikono ya mtu yeyote.

Aliangukia hapo. Jioni moja, mwaka wa tisini na tatu, amemaliza kusoma na hajafika hata kwenye koti. Vijana waliokuwa wakivuka walimbeba hadi barabarani. Waliniambia alikuwa akitaja namba njia nzima. Walidhani ni homa imempanda kichwani. Niliwauliza ilikuwa namba gani.

Hakuna aliyeikumbuka.

Siku mbili nilikaa naye hospitalini, kisha akafa. Mazishi yakafanyika juma lililofuata. Na mimi, kwa siku zote hizo na nyingine baada yake, sikuruhusiwa kufika mtoni.

Sisi ni watu wa kanisa. Mchungaji alikuja, nyimbo zikaimbwa, maneno ya matumaini yakasemwa. Lakini katika ukoo huu mjane hatazami maji yanayopita mpaka mjane aliyemtangulia amshike mkono na kumfikisha yeye mwenyewe. Mchungaji hakusema kitu, maana hata mama yake alikuwa amefanyiwa hivyo. Mjane aliyenitangulia ni mama mkwe wangu. Watoto humwita Kukhu, yaani nyanya, na mimi nilianza kumwita hivyo tangu Rose azaliwe. Kila asubuhi nilimwambia, "Kukhu, mto haujasomwa." Kila asubuhi alijibu, "Mto hauna haraka. Kaa."

Yeye ndiye aliyechukua mtungi na kutuchotea maji siku hizo zote, na miguu yake ile.

Alinitoa siku ya ishirini na mbili tangu Zakaria aanguke. Nilishika mkono wake, nikanawa uso, nikatazama rula, nikaisema namba moyoni mpaka nyumbani. Nilipofungua kitabu nikaona mistari ishirini na moja mitupu.

Sasa, kwa nini nilifanya nililofanya, sijui kama naweza kulieleza hata kwangu mwenyewe. Niliogopa ofisi ingeona ukurasa mtupu na kumpa mtu mwingine kitabu. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilichukua kalamu ya Zakaria. Nikafungua kurasa za mwaka uliotangulia, tarehe zilezile, nikanakili namba zake. Asubuhi na jioni, siku kwa siku. Nilipokuwa nikiandika, ilikuwa kama bado anapanda njia ile na namba mdomoni, anaingia, ananisomea. Siku ishirini na moja zaidi. Sikuona kama ninaiba kitu. Niliandika taratibu ili zisiishe.

Mwaka uliotangulia mto ulikuwa chini.

Chombo cha mvua, kwa upande mwingine, kiko nyuma ya jiko, na hicho hakuna aliyenikataza. Wakati wa msiba nilikisoma kila asubuhi nikiwa na leso kichwani. Nakumbuka siku tatu ambazo bilauri ya kupimia ilijaa, nikamwaga, ikajaa tena, nikamwaga. Niliandika kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kwenye ukurasa mmoja mvua ni ya kweli na mto ni wa uongo, na zote ziko kwa mwandiko wangu, sawasawa, safi.

Ofisi ilipokea. Hakuna aliyeuliza. Kitabu kikabaki nyumbani, na mimi nikawa msoma mto.

*

Mwezi uliopita alikuja msichana wa chuo kikuu, anaitwa Kemunto. Mrefu, mpole, anavaa buti za mpira hata kukiwa kukavu. Ana kompyuta katika chumba cha nyuma cha ofisi ya maji mjini, na kazi yake ni kuifundisha mashine jinsi mto unavyokwenda. Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu wa darasa la saba, kwa sababu ndilo darasa langu la mwisho. Hakucheka.

Alisema anachukua bonde lote la mto, kuanzia msituni mpaka huku, na kuliingiza kwenye mashine kwa namba. Mteremko, udongo, miti, mashamba. Kisha anaipa mashine mvua iliyonyesha kweli, na kuiuliza: mto utafika wapi? Mashine inakisia. Ndipo anafungua kitabu chetu kuona mto ulifika wapi kweli. Kama mashine imekosea, anaubadilisha udongo kidogo, unywe zaidi au unywe kidogo, anajaribu tena.

"Ni kama kupikia watu usiowajua," nikamwambia. "Unaonja, unaongeza chumvi."

"Hivyo hivyo, Mama Rose. Na wewe ndiye ulimi wangu."

Mashine ikishaujua mto, anabadilisha hali ya hewa. Anaongeza joto, anaisogeza mvua, ije kwa kuchelewa na kwa kishindo kama wataalamu wanavyohofia, kisha anauliza mto utakuwaje Rose akiwa bibi mwenye wajukuu. Kazi yake haiishii hapa kwetu. Isiukhu unaingia Nzoia, na Nzoia unashuka hadi mabonde ya karibu na ziwa, ambako watu wanaishi nyuma ya kuta za udongo zinazozuia maji. Ripoti yake itasomwa na wanaoamua kuta hizo ziwe na kimo gani, na nani ajenge wapi.

Nilifurahia ziara zake. Niseme ukweli. Hakuna mtu mwingine anayetaka kuzungumza nami juu ya kazi ya Zakaria.

Leo asubuhi alinikuta kwenye rula akiwa amebeba karatasi ndefu, zile zenye matundu pembeni, zimekunjwa kama kitambaa cha meza. Tulizitandaza juu ya nyasi na kuweka mawe pembeni. Kulikuwa na mistari miwili. Mmoja wa mashine, mmoja wetu. Miaka yote inakwenda pamoja, inapanda pamoja na kushuka pamoja, kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Nilitaka kulia kwa furaha. Miaka kumi na sita ya Zakaria ilikuwa imelala kwenye nyasi na mtu msomi alikuwa amepiga magoti mbele yake.

Kisha akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa ndipo mashine yangu iligoma," alisema. Mstari wa mashine ulikuwa umeruka juu kama kichuguu. Mstari wetu ulilala chini yake, tambarare. "Mvua kubwa kuliko zote za kitabu chako, na mto haukupanda. Nimekaa majuma mawili na kitu hiki. Mwishowe niliubadilisha udongo. Nimeufanya unywe sana. Na msitu pia. Ikakubali."

Sikuhitaji kusoma tarehe.

"Hukudhani labda kitabu kimekosea?" nikauliza.

Akatabasamu. "Vituo vingine, ndiyo. Wengine huandika namba hata siku ya Krismasi wakiwa wamelewa. Lakini Mzee Zakaria alikuwa akiandika 'sikuenda'. Mtu anayeandika 'sikuenda' naweza kumwamini siku anazoandika namba. Jina lake litakuwa ukurasa wa kwanza, Mama Rose. Kabla ya maprofesa."

Halafu akaniuliza moja kwa moja. Unaukumbuka mwezi ule? Ni kweli msitu uliinywa mvua yote ile?

Nikajibu, "Msitu hunywa sana, binti yangu."

Ndivyo nilivyosema. Akaandika.

Kesho asubuhi anasafiri kupeleka kazi yake.

*

Nilipofika nyumbani nilitoa vitabu vya zamani kwenye sanduku. Nilitaka kuziona hizo "sikuenda". Ziko kwenye safu ya mwisho, ile ya maoni, kwa herufi zake za kulala.

Sikuenda. Rose amezaliwa.

Sikuenda. Homa.

Sikuenda. Tumemzika Baba.

Sikuenda. Mke wangu analia na sijui kwa nini, nimebaki naye.

Hiyo ya mwisho sikujua kama ipo. Hata siku yenyewe siikumbuki. Mtu mmoja aliandika kwenye kitabu cha serikali kwamba mkewe alilia, akaacha nafasi ya namba tupu, kwa sababu hakuiona. Alinipa mimi siku nzima na hakuujazia mto chochote.

Na mimi nilimpa siku ishirini na moja za namba.

Nimekuwa nikijiambia niliandika kwa mapenzi. Labda. Lakini huko chini kuna mama kama mimi anayelala nyuma ya ukuta wa udongo, na ukuta wake utapimwa kwa huzuni yangu. Mashine imejifunza kwamba mvua kubwa ikija, ardhi yetu huinywa kimya kimya. Imejifunza kwangu.

Nikisema, jina la Zakaria linatoka ukurasa wa kwanza. Kitabu huenda kikachukuliwa. Itabidi niache kushuka njia ile, na sijui asubuhi zangu zitakuwa na nini ndani yake.

Nisiposema?

Saa tisa na nusu. Kemunto amesema atakuja mtoni saa kumi na moja kuniaga. Lakini kwanza kuna mtu mwingine. Jina nitakalolichafua alilizaa Kukhu. Naenda nyumbani kwake sasa kabla miguu haijakataa.

*

Nimerudi. Bado kuna mwanga wa kutosha kuandika mlangoni. Nitaandika kama ilivyokwenda.

Nilimkuta Kukhu akipepeta mtama kwenye ungo. Nikakaa chini. Nikamwambia yote, kuanzia kalamu hadi "msitu hunywa sana". Hakusimamisha ungo hata mara moja. Nilipomaliza akapuliza makapi, mengine yakanirukia usoni.

"Kwa hiyo uliandika mto ulikuwa chini."

"Ndiyo, Kukhu."

"Siku zile mimi nateleza kwa matope na mtungi kichwani, wewe unaandika mto uko chini."

"Ndiyo."

"Na ni nani alikuwa akienda mtoni kila asubuhi?"

"Ni wewe."

"Nina macho, au sina?"

Nikajifuta makapi usoni.

"Mbona hukuniuliza?"

Nimefikiri juu ya swali hilo njia nzima. Sikumuuliza kwa sababu nilimkasirikia kwa kunifungia. Sikumuuliza kwa sababu hajui kusoma, na kichwani mwangu mtu asiyejua namba hawezi kuwa ameuona mto. Miaka mitatu nimekula naye, nimempaka mafuta magotini. Sikuwahi kumuuliza aliona nini.

Aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akakaa muda, nikasikia sanduku la bati likiburuzwa. Alipotoka alikuwa na koti.

Koti la kahawia.

Nililitafuta koti hilo, Rose, unakumbuka? Siku ya kugawa nguo za baba yako halikuonekana, na nilimshuku shemeji yangu hadi leo. Hata Krismasi sijamsalimia vizuri. Kumbe lilibaki kwenye msumari. Yeye alianguka chini kwenye rula na vijana wakambeba bila koti. Likaning'inia pale siku zote za msiba. Kila mpitaji alilijua ni la nani, na nguo ya aliyekufa hakuna anayeigusa.

"Siku ya nne baada ya kumzika nilishuka nikakuta maji yamelifikia," Kukhu alisema. "Ngazi alizochimba Zakaria kwenye kingo zote zimemezwa, kivuko kimekwenda. Maji yamepanda mpaka kwenye mkuyu, yanavuta koti la mwanangu, yanataka kulibeba. Nikasema hapana. Mmoja anatosha. Nikaingia nikalitoa."

"Uliingia majini?"

"Mpaka hapa." Akaonyesha kiunoni. "Ungeniona, ungeandika hiyo kwa kitabu."

Alilificha kwa sababu hakutaka ligawiwe. Kwa nini hakulifua, hilo hakulisema, na sikuuliza. Mimi pia nina mto wa kulalia ambao sikuufua mwaka mzima.

Alilikunjua. Na pale, juu kidogo ya mifuko, kuzunguka koti lote, kulikuwa na mstari. Chini yake kitambaa kilikuwa na rangi ya tope jekundu, kigumu kama ngozi. Juu yake kahawia yake ya zamani. Mstari ulionyooka, kama uliopigwa kwa rula.

Nilielewa kabla sijaweza kusema.

*

Kukhu alisisitiza kuja. Tulishuka polepole, yeye na fimbo yake, mimi na koti mikononi kama mtoto mchanga. Kemunto alikuwa ameshafika na kamera yake.

Nikamwambia. Nilidhani ningezunguka kwanza, nikasema moja kwa moja: namba za siku ishirini na moja za wakati ule si za mto. Ni za mwaka mwingine. Nilizinakili mimi, si Mzee. Sikuwa nimeuona mto. Na asubuhi hii nimekudanganya tena.

Alitazama maji, ambayo leo hayakuwa hata na nguvu ya kutoa sauti. Kisha akasema taratibu, "Majuma mawili, Mama Rose. Nilifikiri mimi ndiye mjinga."

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Kukhu akamgeukia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe msichana, huyu amekosa. Mimi nimeshamkosea pia, nilimfungia kwa nyumba. Lakini maji mimi niliiona. Mimi naendanga mtoni kila siku, hata kama hakuna mtu ananiulizanga. Angalia koti."

Kemunto akalitazama koti. Akapitisha kidole juu ya ule mstari, nusu yake ya kwanza kwa haraka, nusu ya pili polepole sana.

"Lilikuwa limetundikwa wapi?"

"Pale kwa msumari. Si unaona msumari? Ama huko chuo mnasomanga na macho imefungwa?"

Msumari bado upo. Gome la mkuyu limeanza kuumeza, lakini kichwa chake kipo. Nikalitundika koti. Lilining'inia kama zamani, bega moja juu kidogo ya lingine, na nikasikia Kukhu akivuta pumzi. Kwa muda kidogo tulikuwa tumerudi. Zakaria alikuwa ameshuka tu kusoma, atapanda sasa hivi na hatajibu salamu.

Kemunto alikuwa na mpira mwembamba wenye maji ndani, ule mafundi wa nyumba hutumia kusawazisha msingi. Mimi nilishika ncha moja kwenye mstari wa koti, na yeye akashuka na nyingine hatua kwa hatua, akipima kwa fimbo yenye alama, mpaka kwenye rula. Kukhu alikaa juu ya mzizi akitoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Kemunto alipima mara tatu. Kisha akakaa kwenye nyasi na kuandika.

Mto ulikuwa umepita juu ya rula yenyewe. Hata kama ningekuwepo, hata Zakaria mwenyewe, hakukuwa na namba ya kusoma. Bati lote lilikuwa chini ya maji.

"Mashine haikuwa imekosea," nikasema.

"Ilikuwa imekisia chini ya hapa," alisema. "Kichuguu kile kilikuwa kidogo."

Hatasafiri kesho. Ataurudisha udongo kama ulivyokuwa na kuanza upya. Nilimuuliza itasemaje sasa, juu ya miaka inayokuja. Alisema mashine haioni kesho, inaonyesha tu njia ambazo mambo yanaweza kufuata. Lakini kwa udongo wa kweli, anadhani zile mvua za kishindo zitashuka zote, hazitanywewa. Na miezi mikavu itaendelea kuwa mikavu, pengine zaidi ya tulivyozoea.

"Yaani kiu na mafuriko? Mto huu huu?"

"Mto huu huu, Mama."

Nilitazama magogo ya kivuko kilichojengwa upya, ambayo leo mtu anaweza kupita chini yake bila kulowa magoti.

Kuhusu kitabu, atalazimika kuieleza ofisi. Hakunificha. Huenda wataniachia, huenda wataniondoa. Siku moja kati ya ishirini na moja imepatikana, hizo ishirini zimekwenda na hakuna mashine itakayozirudisha. Nilimuuliza kuhusu jina la Zakaria. Alisema atafikiri namna ya kuliandika. Kisha akamtazama Kukhu na kumuuliza jina lake kamili. Kukhu akamwambia ampe kwanza sababu.

Mimi ndiye niliyelitoa koti kwenye msumari. Nililinusa, kwa siri, nikiwa nimegeuka. Tope tu. Nilijua itakuwa tope tu.

Nilimrudishia Kukhu. Akalikataa. "Limeshasema lililokuwa nalo," akasema. "Kaa nalo wewe sasa. Usilifue." Na njiani akaniambia kwamba Jumapili nitakwenda kumsalimia shemeji yangu, tena nibebe kuku.

Sasa kitabu kiko mapajani. Nimechukua rula ya mbao na kalamu yangu mwenyewe, na nimepiga mstari juu ya namba zote za siku zile. Nimezipiga mstari mwembamba, zisomeke bado, kwa sababu kunakili kwangu pia ni jambo lililotokea. Kwenye safu ya maoni nimeandika "Sikuenda" mara ishirini. Mkono umechoka. Kwenye siku ile moja nimeandika kimo alichokipima Kemunto, na pembeni: Ameshuhudia mama yake Zakaria.

Na kwenye mstari unaotangulia hizo zote, wa jioni aliyoanguka Zakaria, nimeandika: Alikwenda. Alisoma. Namba haikutufikia.

Jioni hii mto umesimama chini kabisa ya rula. Nimeliandika hilo pia.

Chombo cha mvua kikavu. Majivu bado yanaanguka. Nikiamka salama, saa tatu nitashuka tena, mpaka siku watakayokichukua kitabu. Nikiiona namba nitaileta. Nisipoiona, nitaandika kwamba sikuiona.